Tangi la Gari la Bwana Merrick

Inspekta Wafula alikuwa amelala chali chini ya gari lililoungua, matope yamemwingia hadi kwenye kola, na hasira zake hazikumbagua mtu. Hata marehemu alikuwamo. Mzungu wa miaka sitini na ushei, mguu mmoja mbovu tangu vita vya Hitler, anaishi Shela, kisiwani Amu, ambako barabara haipo hata ya kusingizia, halafu ananunua gari la mashindano la viti viwili, lililoundwa kabla ya vita hivyo. Kisiwani halifiki. Basi analiweka ng'ambo, Mokowe ya bara, ndani ya banda la makuti, na kwa miaka miwili mizima anavuka maji kila wiki kwenda kulifufua. Bodi, injini, viti vya ngozi, taa za shaba. Kilichobaki mwisho kilikuwa tangi la petroli. Jumapili asubuhi Bwana Merrick alilitoa bandani akashika barabara iendayo kijiji cha Hindi. Alikwenda maili moja na nusu.

"Afande, mitaro hii ina nyoka," alisema Konstebo Rufus, ambaye alikuwa amesimama pakavu.

"Basi shuka umkamate."

Rufus hakushuka.

Jumatatu watu wote walisema ni mashifta. Vita vyao vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita, lakini midomo ilikuwa haijapata habari. Jumanne, Philip, fundi wa magari pale Mokowe, aliandikisha maelezo: tangi alilipachika yeye kwa mikono yake, kila nati mahali pake, ila kiraka alichotia fundi wa bati wa Amu kilifunguka, petroli ikamwagika juu ya ekzosi. Watu wakaenda kutazama. Kweli, kiraka kilikuwa wazi. Ikatosha. Shekhan, fundi wa bati, alitolewa dukani mwake mkasi ungali mkononi. Kesho Ijumaa saa nne, ndege ya kutoka uwanja wa Manda ingempeleka Mombasa kushtakiwa kwa kuua.

Asubuhi ile mkewe, Mwanaarabu, alikuja kituoni na sahani moja iliyofunikwa kwa kawa. Alikuwa amekuja kila siku. Lakini Alhamisi hiyo hakuondoka baada ya kumpa Rufus sahani.

"Bwana Inspekta, wewe umekwenda kulitazama gari, au umesoma karatasi tu?"

Wafula alikuwa amesoma karatasi tu, na swali lilimchoma kwa sababu hiyo.

"Motaboti ya polisi iko Faza, Bi Mwanaarabu."

"Kaka yangu ana mashua. Muhdhar. Ndiye aliyelivusha hilo tangi kutoka kwa mume wangu. Atakupeleka." Aliinamisha macho. "Nenda ukatazame kwa mato yako. Utakaloliona ndilo."

Ndiyo maana sasa Wafula alikuwa matopeni.

Alianza na kiraka, kwa kuwa ndicho kilichomtia mtu ndani. Kilikuwa upande wa juu wa tangi, na lehemu yake ilikuwa imeyeyuka, ikatiririka ubavuni, ikaganda matone matone. Wafula alichomoa kisu chake cha mfukoni akabandua tone moja. Chini yake palikuwa peusi. Akabandua la pili, na la tatu.

"Rufus, andika. Lehemu iko juu ya masizi."

"Lehemu iko juu ya masizi," alisema Rufus akiandika.

"Masizi huletwa na nini?"

"Moto, afande."

"Sasa kipi kilitangulia?"

Rufus aliacha kuandika. "Moto. Moto uliwaka kwanza, ndipo kiraka kikayeyuka." Akafikiri. "Kumbe kiraka hakikuanza kitu."

"Kiraka kiliunguzwa kama tajiri wake. Na sisi watu wazima tuna siku tatu tunakinyooshea kidole." Wafula alitema mate ya matope. "Nipe spana ndogo."

Gari lilikuwa limeserereka likaingia mtaroni kinyumenyume, na sehemu ya chini ya tangi ilizama topeni kabla moto haujaimaliza. Hapo chini ndipo paipu ya petroli inapoungwa na tangi kwa nati ya shaba. Wafula aliifungua nati polepole. Ndani yake panapaswa kuwa na washa, kile kipete cha kuzuia kuvuja. Washa haikuwapo. Palikuwa na kitu kilichosokotwa kikashindiliwa kwa nguvu, nusu kimekuwa makaa, nusu bado cheupe chenye utelezi. Alikivuta kwa ncha ya kisu. Pamba. Akaileta puani, na mara moja akajuta. Alikuwa na miaka mitatu Amu, amezoea joto, amezoea punda, amezoea kula wali kila siku ya Mungu, lakini harufu ya mafuta ya papa, ile sifa wanayopaka vyombo vya baharini, bado ilikuwa imemshinda.

Akaifunga ile pamba ndani ya leso. Kisha akatazama mikanda miwili ya chuma iliyoshikilia tangi kwenye fremu. Chini ya mkanda, mahali pa kuweka kipande cha ngozi ili chuma kisisuguane na chuma, kulikuwa na vimto vidogo vya nguo ya tanga, vimejazwa makumbi ya nazi na kushonwa kwa uzi wa katani. Kazi safi sana. Mshono ulikuwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Tunalifungua tangi," alisema. "Wewe utalibeba."

"Mimi, afande?"

"Nyoka hatalibeba."

*

Philip walimkuta bandani, ameketi juu ya kreti, anafuta spana ambazo hazikuwa chafu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, na alipomwona Wafula alisimama upesi, akaanza kumsalimu kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa walitoka sehemu moja ya bara.

"Sema Kiswahili," alisema Wafula. "Konstebo anaandika."

Rufus alilitua tangi kwenye meza ya kazi, akajifuta kichwa. Philip alilitazama mara moja, hakulitazama tena.

"Nataka kujifunza," alisema Wafula. "Tangi hurudishwaje garini? Anza mwanzo."

Hilo lilimtuliza Philip. Mtu akiulizwa kazi yake huongea. "Unaanza na fremu. Unaikwangua kutu, unapaka rangi. Unaweka ngozi pale tangi litakapokalia. Unalipandisha, unalishika kwa mikanda, lakini hukazi mpaka mwisho, kwa sababu ukikaza kabla ya kuunga paipu, paipu itakuja kombo. Unaunga paipu. Halafu unakaza kila upande kidogo kidogo. Unatia petroli kidogo, unangoja, unapitisha kidole chini ya nati."

"Na wewe ulipitisha kidole?"

"Nilipitisha."

"Kikatoka kikavu?"

"Kikavu kabisa, Bwana Inspekta. Ndiyo maana nasema ni kiraka."

"Ngozi uliweka?"

"Niliweka."

"Nyeusi au nyekundu?"

Philip alirudia kufuta spana. "Nyekundu."

Wafula aliokota kipande cha waya sakafuni akaanza kukinyoosha. "Wewe ni fundi wa siku nyingi. Nifundishe na hili. Umefika kwenye nati, washa huna, Mombasa haijaleta. Mwenye gari anataka gari. Utafanya nini?"

"Sabuni," alisema Philip bila kufikiri. "Sabuni ya mche. Unaikanda, unapaka kwenye nyuzi za nati. Kila dereva anajua. Petroli haili sabuni."

"Na pamba iliyolowekwa mafuta? Haitafaa?"

Philip alicheka. Maskini, alicheka kwa moyo mmoja, kama fundi anayesikia ujinga. "Mafuta? Petroli ndiyo tunayooshea mafuta mikononi. Itakaa siku moja, itayaosha yote, ibaki pamba tupu inadondosha. Ni mjinga gani atatia mafuta kuzuia petroli?"

Wafula alifungua leso juu ya meza.

"Hii nimeitoa kwenye nati. Na vimto hivi nimevitoa chini ya mikanda. Ngozi sikuiona, wala nyekundu wala nyeusi. Sasa chagua, Philip. Ama mjinga huyo ni wewe, maana umeweka sahihi kwamba tangi ulilipachika kwa mikono yako. Ama hukulipachika wewe, na umemwacha mtu akae selo siku tatu kwa karatasi ya uongo."

Philip alitazama pamba. Jasho lilimtoka chini ya pua. Alianza tena kwa lugha ya nyumbani.

"Kiswahili."

"Nilikuwa Hindi," alisema Philip. "Tangi lililetwa Ijumaa asubuhi. Kulikuwa na watu wa kwetu Hindi, wana pombe ya mnazi, nikasema nitarudi jioni. Sikurudi mpaka Jumapili. Nilimwambia yule mtu alipachike, ana mikono mizuri, nikamwonyesha mikanda na paipu. Washa nilisahau. Niliporudi niliona moshi kutoka barabarani."

"Na ukasema ni kiraka."

"Kiraka kilikuwa wazi, Bwana Inspekta. Kila mtu alikiona."

"Yule mtu ni nani?"

Philip alimkazia macho kana kwamba anataniwa. "Si huyo aliyekuleta? Yuko pwani na mashua yake. Mimi nilipokuona unashuka naye nilidhani umeshajua."

Wafula alijiona mpumbavu, na hilo lilimkera kuliko uongo wa Philip. Alikuwa amekaa saa nzima chomboni magoti yake karibu yanagusana na ya yule mtu, akamwuliza habari za upepo.

"Mfunge pingu," alimwambia Rufus.

*

Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua ya Muhdhar ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Muhdhar mwenyewe alikuwa amechutama kando yake, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, kofia imefifia kwa chumvi. Mkono mmoja ulishika pamba, mwingine patasi butu ya kalafati. Alikuwa anaishindilia pamba kati ya mbao mbili, anagonga, anachovya kwenye kifuu cha sifa, anagonga tena. Hakuinua kichwa.

"Umekawia," alisema.

"Nilikuwa nasoma kazi yako," alisema Wafula. Akamwekea leso juu ya ubao.

Muhdhar aliitazama ile pamba iliyoungua nusu. Aliigusa kwa kidole kimoja, akanusa kidole.

"Imetoka?"

"Imeoshwa na petroli. Ilidondosha juu ya ekzosi."

"Haiwi," alisema Muhdhar kwa sauti ndogo. "Nalilitia mai, Bwana Inspekta. Ijumaa baada ya sala nalilijaza mai, likalala nayo mpaka asubuhi. Tone moya halikutoka. Nikayamwaga, nikalikausha kwa nguo na jua. Hivyo ndivyo sisi tupimavyo chombo."

"Chombo ni cha maji. Lile ni tangi la petroli."

"Mimi huzuia bahari nzima isingie. Nishindwe kuzuia debe moya la petroli lisitoke?" Halikuwa swali la kiburi. Alikuwa anauliza kweli, na kwa siku nne hakuwa na wa kumwuliza. "Philip aliniambia, funga isivuje. Nikafunga kwa nijuavyo. Jumamosi Mzungu alikuya, akatia petroli, akanusa, akauliza ni harufu gani hii. Nikamwambia ni sifa, dawa ya chombo. Akacheka. Akanipa mkono."

Rufus alikuwa amefika na Philip.

"Shekhan yuko ndani tangu Jumanne," alisema Wafula. "Mume wa dada yako. Wewe ulijua kiraka hakina makosa."

"Nalijua mkono wangu ulikuwa wa mwisho. Zaidi ya hapo sikujua."

"Ulinyamaza."

"Kila asubuhi nalisema, yeo nitakwenda kusema. Nikifika mlangoni pa kituo, miguu haingii. Namwachia Shekhan mai ya kunywa kwa askari, narudi." Muhdhar aliiweka patasi chini. "Mwanaarabu aliponiambia nikulete huku, nalijua yamekwisha. Ningeweza kukwambia mashua inavuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Haivuji."

Wafula alitoa pingu mfukoni, akazitazama, akatazama mashua, akatazama mkono wa bahari ulio kati yao na Amu. Motaboti iko Faza. Rufus ni mtu wa milimani, Philip ni Philip, na yeye mwenyewe hajui kamba ipi huvuta nini. Akazirudisha pingu mfukoni. Laana iliyomtoka haikuandikwa kwenye ripoti.

Walingoja maji yajae. Ndipo mfungwa akawapakia wote, akawaonyesha pa kukaa, akatweka tanga, akawavusha. Njia nzima hakuna tone lililoingia chomboni.

*

Saa tisa na nusu walipanda ngazi za kituo. Mwanaarabu alikuwa ameketi kwenye baraza, buibui limemfunika hadi kwenye paji. Kando yake palikuwa na sahani mbili, kila moja na kawa lake.

Wafula alizihesabu, akasimama pale pale. Mwanamke huyu alileta sahani moja kila siku. Na hapakuwa na mtu aliyemtangulia kutoka Mokowe kumpa habari.

"Rufus, waingize ndani. Mfungulie Shekhan." Akangoja mlango ujifunge. "Bi Mwanaarabu, umepika kwa watu wawili."

"Naam."

"Ulijua tangu lini?"

Mwanaarabu alisawazisha kawa moja ambalo halikuwa limekaa upande. "Jumapili asubuhi nalimfulia kaka yangu kikoi. Kilinuka sifa, kama siku zote. Na kilinuka petroli. Nikamwuliza, akaniambia amemsaidia Mzungu. Adhuhuri habari ikafika kuwa Mzungu ameungua."

"Siku tano." Wafula alisikia sauti yake inapanda, akaiacha ipande. "Mumeo anakula chakula chako kupitia kwenye vyuma, na wewe una jibu mkononi. Ungeniambia neno moja, angelala kwake Jumanne."

"Na mamangu ningemwambia nini? Mimi na Muhdhar tumebaki wawili kwake." Sasa alimtazama. "Nikisema, nimemfunga kaka. Nisiposema, nimemfunga mume. Nikaona, kuna mtu serikali inamlisha kwa kazi hii. Ukatazame wewe. Usingeona kitu, ningesema Mungu ndivyo alivyotaka."

"Nisingekwenda je?"

"Ungekwenda. Nalikuona nilipokuuliza habari ya karatasi. Uliona haya."

Mlango nyuma yao ulikuwa umefunguliwa tena. Shekhan alikuwa amesimama kizingitini, mfupi, ndevu za siku tatu, vidole vyake vina makovu ya bati na lehemu. Haikujulikana ameanza kusikia wapi, ila alisikia ya kutosha. Ndani, alikuwa amepishana na Muhdhar kwenye ushoroba, mmoja anatoka selo, mwingine anaingia. Rufus alisema baadaye kwamba Muhdhar alisema, "Shemeji, nisamehe," na Shekhan alijibu tu: "Yale mai ya kila asubuhi." Kisha akapita.

"Tangu Jumapili," alisema Shekhan.

Mwanaarabu aliinuka. Akaichukua sahani moja kwa mikono miwili akamnyooshea. "Kula kwanza. Tutasema nyumbani."

"Kila siku nakuuliza, watu wasema nini. Waniambia, subiri. Nikasema, mke wangu ana imani na mkono wangu." Hakupaza sauti. "Kumbe hukuwa na haja ya imani. Ulikuwa wajua."

"Shekhan, kula."

Hakuipokea. Alimwambia Wafula asante, kwa adabu, kama mtu anayetoka dukani, akashuka ngazi. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya Mwanaarabu, aliyojengewa na babake kwa harusi yake, kama desturi ya watu wa Amu. Nayo ilikuwa upande wa kushoto. Shekhan alikwenda kulia, akashika njia ya mtaa wa Wiyoni, kwa mamake.

Mwanaarabu alimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Sahani ilikuwa bado mikononi. Wafula alikuwa amemtoa asiye na kosa. Kazi ilikuwa imefanywa sawasawa, na haikumpa raha.

"Ile nyingine ni ya Muhdhar," alisema Mwanaarabu. "Hii mpeni yule fundi wa bara. Hana mtu hapa."

Rufus aliziingiza zote mbili. Kutoka selo walisikia kijiko kimoja tu kikigonga sahani. Alikuwa Philip.

Mwanaarabu aliketi tena barazani kungoja vyombo vyake. Vilipotoka, sahani moja ilikuwa nyeupe na nyingine haijaguswa. Aliwamwagia kuku wa kituo ule wali, akaipanguza sahani kwa ncha ya buibui, akazipanga moja juu ya nyingine.

"Kesho nilete sahani ngapi, Bwana Inspekta?"

"Moja, ya kaka yako," alisema Wafula. "Philip atalishwa na serikali."